Behewa la Klagenfurt

Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Munich kulipambazuka kwa manyunyu, mvua nyembamba isiyomlowesha mtu papo hapo bali inayomwingia taratibu kupitia mabegani, na kwenye paa la stesheni kuu njiwa walikuwa wamejikunyata kama abiria waliochoka kusubiri. Neža Prezelj alipanda treni ya saa mbili na robo akiwa na shanta mgongoni. Juu ya shanta alikuwa amefunga kwa kamba mto wake wa kusukia lesi, wa mviringo na mgumu kama kigogo kidogo cha kuni.

Kwa siku ishirini na saba alikuwa amezunguka na mto huo. Alikuwa na miaka ishirini, alisafiri peke yake, kwa treni tu. Alikuwa ametoka kwao Slovenia hadi Lizboni, akapanda Bordeaux, akapita Ghent, akafika Copenhagen, kisha akageuza njia kurudi nyumbani. Alilala kwenye hosteli za vitanda vya ghorofa, akafua soksi kwenye masinki ya watu, akala mkate na jibini juu ya magoti. Na kila alipopata kiti cha dirishani, aliupakata mto, akashika vile vijiti vyenye nyuzi, akaendelea kusuka.

Katika ukoo wa akina Prezelj ilikuwa hivyo tangu zamani. Mtoto anapobatizwa hufunikwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa lesi, na lesi hiyo husukwa na mama wa ubatizo kwa mikono yake mwenyewe. Hanunui wala hasaidiwi. Mtoto wa safari hii aliitwa Brina, mwenye miezi mitatu, binti wa kaka yake Gašper. Ubatizo ulikuwa siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, huko kwao Železniki. Treni ingemfikisha Kranj saa nane na dakika tano, Gašper angemsubiri stesheni na gari, na baada ya nusu saa wangekuwa nyumbani.

Mpango huo ulimfurahisha kila mtu isipokuwa Shangazi Milena.

Huyu alikuwa shangazi wa wifi yake, Tjaša, na alikuwa amefundisha kusuka lesi kwa miaka thelathini na miwili. Siku walipokaa mezani kuzungumzia ubatizo, alisema mbele ya wote, "Mama wa ubatizo ni mtu wa kukaa. Huyu hakai. Mtoto akimhitaji atamtafuta wapi, kwenye ratiba ya treni?"

Gašper aliinua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. "Shangazi, mashine ya kiwandani iliponikata nililazwa siku thelathini na nane. Unajua ni nani aliyekuja kila siku baada ya shule, akakaa kando ya kitanda mpaka manesi wakamfukuza? Ni huyuhuyu asiyekaa. Alikuwa na miaka kumi na minne."

"Basi lilikuwapo, akapanda," alisema Milena.

"Lilikuwapo kwa kila mtu. Wewe hukulipanda."

Mama yao akasukuma mbele sahani ya keki ili midomo ipate kazi nyingine. Mwishowe Milena alisema, "Haya. Lakini asipofika kwa wakati, nasimama mimi."

"Sawa," alisema Gašper. "Ila atafika."

Maneno hayo mawili Neža aliyabeba Ulaya nzima, na yalikuwa mazito kuliko shanta. Katika kila mji aliingia kanisani, mara nyingine kwa ajili ya kusali na mara nyingine kwa ajili ya kupumzisha miguu, lakini hakutoka bila kulitaja jina la mtoto. Hakuwa msichana wa sala ndefu. "Mungu wangu, ni mimi tena, kwa ajili ya Brina," alisema, na kwa kawaida ilimtosha.

Treni ilipoiacha Munich, alivua viatu kama alivyozoea, akakunja miguu kitini, akachomeka simu kwenye chaji na kuupakata mto. Lesi ilikuwa imebaki kipande cha upana wa mkono mmoja. Mbele yake aliketi kijana Mreno aitwaye Duarte, aliyekuwa akienda Zagreb na ambaye alikuwa safarini kwa siku mbili tu.

"Sikiliza," Neža alimwambia. "Treni hii itakatwa Villach. Mabehewa ya huku yanakwenda kwetu Slovenia, hadi Zagreb. Yale ya kule nyuma yanabaki Austria, yanakwenda Klagenfurt. Tukikaribia Villach usitoke humu bila mzigo wako. Hata chooni nenda nao."

"Umeniona mtoto?"

"Nimeona watu wazima wakilia majukwaani."

Duarte alicheka, akashikilia kamba za shanta lake kama anayeogopa kuibiwa. Kisha akauliza kuhusu mto, na Neža akamsimulia yote: Brina, saa tisa, Shangazi Milena, kaka yake atakayekuwa amesimama Kranj.

Walipoingia milimani mvua ilikoma. Kwenye stesheni moja ya maji ya moto, mahali wazee wanapokwenda kukanda magoti, alipanda bibi mmoja mnene mwenye kofia ya kijani. Baada ya muda alipita kwenye korido akitafuta choo. Akauona mto. Akasimama.

"Hee!" alisema, kwa Kislovenia cha zamani, cha wale Waslovenia wanaoishi upande wa Austria. "Sijaona mtu akisuka hivyo tangu mama yangu afe. Wewe ni binti wa nani?"

Aliitwa Roza Wutte. Alikuwa na miaka sabini na saba, kuku kumi na mmoja, na nyumba nje kidogo ya Klagenfurt. Alisimama akiangalia vidole vya Neža mpaka akasahau choo. "Nina kola ya lesi ya mama yangu ndani ya begi," alisema. "Natembea nayo kila mahali. Njoo uione, uniambie ni mshono wa wapi. Nina pai ya tofaa pia. Dakika tano tu, mwanangu."

Neža alitazama saa. Villach ilikuwa mbali bado, karibu nusu saa. Alimwambia Duarte, "Nitunzie vitu, narudi sasa hivi," akamfuata bibi mabehewa matano kwenda nyuma, akiwa na soksi tu miguuni.

Kola ilikuwa kazi nzuri mno. Pai nayo haikuwa mbaya. Bibi Roza alimimina chai kutoka kwenye chupa, akasimulia jinsi mama yake alivyomfundisha kusuka, na jinsi yeye alivyoasi na kukimbilia kufuga. Neža alisimulia Brina. Bibi Roza alilia kidogo, akapenga kamasi, akaongeza chai. Treni ilipunguza mwendo, ikasimama. Kipaza sauti kikasema maneno marefu kwa lugha tatu, nao wakazungumza kwa sauti zaidi ili wasikilizane.

Kisha Neža akasikia mtikisiko mdogo na mlio wa chuma kuachana na chuma.

Mlio huo aliujua. Aliruka kutoka kitini, chai ikamwagika, akakimbia behewa baada ya behewa mpaka akaufikia mlango uliofungwa wenye kioo. Nyuma ya kioo hapakuwa na behewa tena. Palikuwa na reli, changarawe, na nusu ya treni iliyoanza kusogea. Duarte alikuwa amesimama kwenye dirisha la mwisho, mkono mmoja akiinua viatu vya Neža, na mwingine akigonga kioo kana kwamba angeweza kuisimamisha Austria.

Neža aliweka paji la uso kwenye kioo. "Mungu wangu," alisema, na safari hii hakupata la kuongeza.

Bibi Roza alifika akihema. "Ni kosa langu. Ni kosa langu na domo langu."

"Si kosa lako, bibi. Ni mimi niliyemfundisha yule kijana. Mimi!" Alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. "Simu yangu, tiketi, viatu. Na lesi. Vyote vimekwenda kwetu. Mimi ndiye niliyebaki."

"Treni nyingine ya kwenu?"

Neža aliijua ratiba kichwani. "Itakuja baada ya muda wa saa mbili na zaidi. Nikisubiri hiyo, Shangazi Milena atakuwa ameshasimama, ameshaahidi, na ameshakula keki."

Bibi Roza alifikiri kwa muda wa pumzi mbili. "Kaa chini. Gari langu liko stesheni ya Klagenfurt, dakika ishirini na tano kutoka hapa. Nitakupitisha mlimani mwenyewe. Ubatizo haungoji treni."

Treni yao iliondoka. Akaja mkaguzi wa tiketi, mwanamume mrefu mwenye sharubu.

"Tiketi, tafadhali."

"Imeenda Slovenia," alisema Neža.

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda Klagenfurt."

Mkaguzi alimtazama, akashusha macho kwenye soksi. Moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Bibi Roza akaanza kueleza, mkono kifuani, kuhusu kola, pai, Brina na mama yake marehemu. Yule mtu aliinua kiganja. "Basi, mama, basi. Mtu anayetaka kunidanganya huja na viatu." Akaendelea na kazi yake.

Klagenfurt jua lilikuwa limetoka, na lami ya maegesho ilikuwa na joto chini ya soksi. Gari la Bibi Roza lilikuwa dogo, la zamani, na ndani lilinuka kuku. Kwenye buti alitoa gambuti za kijani zenye tope lililokauka. "Ni zangu za bandani. Vaa." Zilimzidi vidole viwili.

Neža alikuwa anaikumbuka kichwani namba moja tu ya simu, ile ya mezani nyumbani, iliyokuwapo kabla hajazaliwa. Alipiga kwa simu ya Bibi Roza. Ililia mpaka ikakata. Wote walikuwa kanisani wakipanga maua, au wamekwenda Kranj.

Barabara ilipanda mlima kwa kona nyingi, na Jumamosi hiyo ya mwisho wa likizo kila mtu mwenye gari alikuwa juu yake. Bibi Roza aliendesha akiwa amekaribia usukani kama anayetaka kuung'ata.

"Bibi, huwezi kuongeza mwendo kidogo?"

"Nikiongeza tutafika mbinguni kwanza. Na mtoto hayuko huko."

Mbele ya njia ya chini ya mlima, ile inayovuka mpaka, foleni ilisimama kabisa. Saa ya kwenye gari ilionyesha saa nane na dakika kumi. Treni ilikuwa imeshapita Kranj. Neža alimwona Gašper kwa mawazo, amesimama jukwaani, akihesabu watu wanaoshuka, mkono wa vidole vitatu mfukoni kama alivyozoea. Ndiye aliyekuwa amemwamini mbele ya meza nzima. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kweli.

Bibi Roza hakumwambia anyamaze. Alizima injini, akafanya ishara ya msalaba, akaanza Baba Yetu kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeongea na jirani. Neža aliitikia. Waliposema "Amina" foleni ilikuwa bado imesimama. Walisali tena. Mara ya nne gari la mbele likasogea.

"Unaona?" alisema Bibi Roza. "Sisi hatuna nguvu za kuinua mlima, lakini kusumbua tunaweza."

Upande wa pili, karibu na saa tisa kasoro robo, Neža alipiga simu tena. Safari hii ililia mara moja tu.

"Viatu vyako vimefika," ilisema sauti ya mama yake, Ivanka. "Wewe uko wapi?"

"Mama! Vimefikaje?"

"Kaka yako alikuwa jukwaani, treni ikasimama, Mreno mmoja akaruka na vitu vyako mikononi anapiga kelele 'Gašper! Gašper!' Watu wote wakageuka. Ameshusha shanta, viatu, simu. Mto wako aliurusha kutoka mlangoni kwa sababu treni ilikuwa inaondoka, Gašper akaudaka. Kijiti kimoja tu kimekatika uzi. Uko wapi, mwanangu?"

"Niko karibu na Tržič. Niko na bibi mmoja. Mama, mzuieni padri asianze!"

Sauti ya mama yake ilishuka. "Padri ana harusi parokia nyingine saa kumi. Amesema mwisho wake ni saa tisa na robo. Na Milena..."

"Milena nini?"

"Amekaa na mto wako jikoni. Anakagua lesi kwa kioo cha kukuzia. Ni dakika kumi sasa. Hajatamka neno. Njoo, Neža. Njoo tu."

Neža aliirudisha simu, akaeleza. Bibi Roza alikaza kofia yake. "Nishikie kola ya mama," alisema, akakanyaga mafuta kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kona za kuingia Škofja Loka Neža alizipita akiwa amefumba macho.

Waliingia Železniki saa tisa na dakika ishirini na tano. Neža alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akakimbia ngazi za kanisa, gambuti zikipiga kelele kwenye kila jiwe. Watu walikuwa wamekusanyika mlangoni, kwa sababu ubatizo huanzia mlangoni. Alimwona Padri Lojze na kitabu mkononi. Alimwona Tjaša amembeba Brina. Kando yao, mahali pa mama wa ubatizo, alisimama Shangazi Milena katika gauni la bluu.

Amechelewa, basi.

Lakini Milena alikuwa ameinamia mkoba wake mkubwa, akitoa vitu kimoja kimoja na kumpa Gašper avishike: funguo, leso, kitabu cha sala, pakiti ya peremende.

"Mama Milena," alisema Padri Lojze, akitazama saa kwa mara ya ishirini, "swali langu lilikuwa fupi. Je, uko tayari kuwasaidia wazazi?"

"Nakusikia, padri. Ila siwezi kuahidi mbele ya Mungu bila miwani."

"Miwani unayo kichwani."

"Hiyo ni ya kusomea. Ninatafuta ya kuonea."

"Dakika kumi sasa unatafuta!"

"Kwani Mungu ana harusi?" alisema Milena, na hapo akainua kichwa akamwona Neža. Aliufunga mkoba. "Nimeipata," alisema.

Kila mtu aligeuka. Neža alisimama katika gambuti za banda la kuku, nywele zimesimama, mikononi kola ya mtu mwingine. Nyuma yake Bibi Roza alipanda ngazi, akipumua kwa nguvu. Gašper alicheka bila sauti, macho yamejaa, akiwa bado ameshika leso na peremende za Milena.

Milena alimwendea Neža, akamshika kifundo cha mkono kama mwalimu. "Nimeangalia lesi yako yote," alisema kwa sauti ya chini. "Nimetafuta mahali ulipoharakisha. Nimetafuta kwa kioo. Sikupaona." Akamwachia mkono. "Mtu asiyejua kukaa hawezi kusuka vile. Hata kwenye treni. Nilisema vibaya juu yako, mwanangu."

"Sijaimaliza, shangazi."

"Vimebaki vidole viwili. Mama yako alitaka kuvimalizia, nikampiga kofi mkononi. Nimeikata ilipofika, nimeishona kwenye kitambaa, nimepiga pasi. Basi. Nenda mahali pako, huyu padri atatulipisha."

Neža alisimama kando ya Tjaša. Wifi yake alinong'ona, "Unanuka kuku," akamkabidhi mtoto. Brina alifungua macho, akamtazama kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuwahi popote. Alikuwa mzito kuliko Neža alivyomkumbuka. Siku ishirini na saba humfanya mtoto awe mtu mwingine, na Neža aliwaza kwamba katika makanisa yote yale alikuwa amemtaja mtoto mdogo zaidi ya huyu.

Padri Lojze alifungua kitabu tena. Alikuwa amembatiza Neža mwenyewe, alimjua tangu hajaota meno, na hasira yake haikuwa ya kudumu. "Neža Prezelj," alisema, "je, uko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu katika wajibu wao?"

"Niko tayari," alisema Neža, lakini sauti ilikuwa bado haijarudi kutoka kwenye ngazi.

"Amesema nini?" aliuliza Bibi Roza kule nyuma, mkono sikioni.

"Sema kwa sauti, binti," alisema padri. "Tuna mgeni aliyevuka mlima kusikia."

Neža alivuta pumzi. Alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, mama yake, Shangazi Milena, na yule bibi mwenye kofia ya kijani. Kisha akamtazama mtoto, maana ahadi ilikuwa yake.

"Niko tayari," alisema, na safari hii kanisa lote lilisikia. "Nitawasaidia kaka yangu na wifi yangu kumlea Brina katika imani. Akiniita nitakuja, popote nitakapokuwa. Na nikishafika, nitakaa. Naahidi mbele za Mungu, na ninyi nyote ni mashahidi wangu."